Mpira wa petroli wa kukata kwa mita: unafaa kwa tenki la gari la zamani?

Hukumu kwanza, kwa mwenye haraka. Mpira mweusi wa petroli unaokatwa kwa mita kwenye maduka ya spea ya Ngamiani, Tanga, ni mzuri sana kwa njia ya hewa ya tenki, yaani bomba dogo linalotoa hewa wakati wa kujaza. Kwa shingo yenyewe, yaani lile bomba nene linalopokea mafuta, unafaa kwa masharti. Penye kona kali haufai. Mpira wa rejeta, ambao wauzaji hukupa huu ukikosekana, usiuweke popote petroli inapogusa, hata kama kipenyo kimelingana sawasawa. Na klipu zinazouzwa pamoja na mipira hiyo ndizo kitu kibovu kuliko vyote katika manunuzi haya.

Wanaoutafuta mpira huu wengi wana shida moja. Land Rover Series, Peugeot 504, pikapu ya Datsun 1200, Mercedes W123: gari linaingia sheli, mdomo wa pampu unachomekwa, lita mbili, tak, pampu imekatika. Inabanwa tena, lita moja, tak. Mhudumu ananuna, bodaboda walio nyuma wanapiga honi, na mwenye gari anaondoka na nusu tenki huku petroli iliyotemwa inachuruzika ubavuni na kula rangi. Akifika gereji anaambiwa abadilishe mpira wa shingo. Anabadilisha, anarudi sheli, tak. Ndiyo maana kabla ya kuusifu au kuuponda mpira ni lazima ijulikane ni mpira upi unaotakiwa, kwa sababu mara nyingi mkosaji si ule mnene unaoonekana, ni ule mwembamba uliojificha nyuma yake.

Pampu haijui kama tenki limejaa

Karibu na ncha ya mdomo wa pampu kuna kitundu kidogo. Mafuta yanapotiririka, kitundu hicho kinavuta hewa. Kikifunikwa na mafuta, hewa haipatikani, mvuto unageukia kiwambo kilicho ndani ya mkono wa pampu, na mkono unaachia. Basi. Hakuna kipimo cha tenki hapo. Pampu inajua jambo moja tu, kwamba mafuta yameifikia ncha, yawe yamefika kwa sababu tenki limejaa au kwa sababu yamekwama shingoni.

Pampu ya kawaida ya petroli hutoa kama lita 35 hadi 40 kwa dakika. Kila lita inayoingia lazima itoe lita moja ya hewa. Kwenye magari mengi ya zamani hewa hiyo hupanda kwa bomba dogo kutoka juu ya tenki hadi karibu na mdomo wa kujazia, sambamba na shingo. Bomba hilo likiziba, hewa hukimbilia njia pekee iliyobaki, ambayo ni shingo ileile mafuta yanakoshukia. Vinakutana katikati, mafuta yanatemwa juu, kitundu kinalowa, tak.

Wembamba wa njia ya hewa una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mpira wenye nafasi ya ndani ya milimita 12 ukibanwa ukabaki 8, hewa inayopita kwa msukumo uleule hushuka chini ya nusu. Kwa hiyo usidanganyike ukipuliza kwa mdomo ukasikia pumzi inapita. Swali ni je, inapita bila kipingamizi?

Hapa tuseme jambo ambalo limechosha. Kutoboa kifuniko cha tenki, kama wengi wanavyoshauri, hakutibu tatizo hili. Wakati wa kujaza kifuniko kimevuliwa, kipo juu ya paa la gari au mkononi mwa mhudumu. Tundu lake litasaidia nini? Tundu la kifuniko linahusu ugonjwa mwingine, ule wa gari kutembea kilomita kadhaa kisha injini ikakosa mafuta, na ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio. Huo ni upungufu wa hewa wakati wa kutembea. Ukiwa nao, tafuta kifuniko sahihi chenye kupumua, kwa maana tundu la msumari linaingiza maji ya masika na kutoa mvuke wa petroli mchana kutwa.

Kupima kabla ya kununua

Anzia sheli, bila spana. Geuza mdomo wa pampu robo duara, halafu nusu duara, kisha uvute nje sentimita tatu hadi tano na ubane mkono nusu tu. Kama sasa mafuta yanaingia bila kukatika, kasoro huenda ni ya pembe tu: mafuta yanagonga ukuta wa shingo na kurudi. Magari haya yalitengenezwa kabla ya pampu za kasi za leo, na baadhi yatabaki hivyo hata yakiwa mapya kabisa. Land Rover Series ina bomba linalovutwa juu kutoka ndani ya shingo, lililowekwa ili dumu liweze kumiminwa kwa urahisi, na lina wavu wa kuchuja. Wavu ukijaa kutu na ukoga, pampu itakatika hata kama kila kitu kingine kizima. Uchomoe, usugue kwa brashi na petroli kidogo, urudishe.

Kwa dizeli ongeza subira. Dizeli hutoa povu jingi kuliko petroli, na povu linatosha kufunika kitundu. Mwenye Mercedes 240D anayejaza kwenye pampu za malori kule Segera asishangae. Mdomo wa dizeli wenyewe una kipenyo cha nje cha kama milimita 24 dhidi ya 21 za petroli, na pampu za malori zina kasi kubwa zaidi. Hamia pampu ya kawaida, kisha ndipo ulaumu gari.

Kama bado, miminia lita tano kwa dumu na faneli. Yakishuka kimya, njia ya hewa ni nzima au ina dosari ndogo. Yakikoroma na kubwata kama chupa iliyopinduliwa, hewa haina pa kutokea.

Sasa shika bisibisi. Fanya kazi nje, si juu ya shimo la gereji, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama shimoni. Tenki liwe na mafuta kidogo iwezekanavyo, nyaya za betri zimeondolewa. Ondoa mpira wa hewa ncha zote mbili. Puliza mpira peke yake, kisha weka kipande cha mpira safi kwenye kibomba cha tenki na upulize huko. Utajua mara moja kilichoziba ni kipi. Usitumie kompresa kwenye tenki. Bati la tenki ni jembamba, na msukumo wa bar moja juu ya ubavu wa sentimita 30 kwa 40 ni sawa na mzigo wa kilo 1,200 hivi. Tenki litavimba, na mishono yake itaachia.

Vinavyokutwa humo vinajirudia. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, kibomba cha chuma kinachotoka tenkini huliwa na kutu kwa ndani na magamba yake hujikusanya kwenye kona. Gari lililolala muda mrefu huwa na udongo wa nyigu mdomoni mwa bomba. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje ilhali utando wa ndani umevimba na kujikunja hadi ukabaki uwazi wa njiti ya kiberiti. Ukate katikati uone. Na kuna tumbo: mpira uliolegea ukaning'inia hutengeneza bonde ambalo petroli hutuama, na kila hewa ikitaka kupita lazima kwanza iisukume petroli hiyo. Mpira ni mpya, ni msafi, na bado pampu inakatika. Kosa hili hufanywa sana na wanaobadilisha mpira kwa kukata mrefu "ili usipungue".

Tenki lililowahi kuchomelewa au kupakwa dawa ya kuziba kutu kwa ndani litazamwe kwa jicho la pekee. Dawa ile ni nzito, hutiririka hadi kwenye kibomba cha hewa na kukauka humo. Hakuna mpira utakaotibu hilo. Kibomba kizibuliwe kwa waya laini au keekee ya mkono, polepole, tenki likiwa limeoshwa na kukaushwa.

Mpira wenyewe

Dukani mambo huenda hivi. "Bosi, nataka mpira wa petroli, wa ndani milimita kumi na mbili." "Huu hapa shehe, huu hata dizeli unapita." Kauli hiyo isikutoshe. Geuza mpira usome maandishi ubavuni. Unachotaka ni SAE 30R6 au 30R7. Hizo ni alama za mipira ya mafuta ya msukumo mdogo, ndiyo kazi ya tenki na magari ya kabureta. Ukikuta 30R9, ambao ni wa magari ya sindano za petroli, chukua ukipenda, ni bora zaidi lakini unalipia usichokihitaji. Mpira usio na maandishi yoyote ni bahati nasibu.

Tulioutathmini ni ule wenye alama ya 30R7, ndani NBR (mpira unaostahimili petroli), katikati nyuzi za kusuka, nje mpira mweusi. Kwa njia ya hewa hatuna neno baya. Unakatika safi kwa kisu, unashika kibomba vizuri hata kabla ya klipu, na haupondeki kwenye kona pana. Mpaka wake ni huu: wa milimita 12 usiukunje kwenye kona yenye nusu kipenyo chini ya sentimita nane hivi, utajibana. Penye kona kali kuliko hiyo tumia kiwiko cha shaba na vipande viwili vya mpira. Kwa magari mengi mita moja inatosha njia nzima na masalio. Land Rover ndefu yenye tenki nyuma, pima kwanza kwa kamba.

Kwa shingo habari ni tofauti. Mpira mnene wa mita, wenye kipenyo cha milimita 38 hadi 57, huuzwa wa aina mbili. Ule wa nyuzi tupu ni mgumu. Ukilazimishwa kupinda hujikunja katikati na kupunguza njia, na hapo umejitengenezea upya tatizo ulilokuja kulitibu. Utumie tu pale bomba la juu na la chini yanapotazamana na kilichobaki kati yao ni sentimita 10 au 15. Ule wenye waya wa chuma ndani hupinda bila kujibana na ndio tunaoupendelea, ila una kasoro inayomkuta kila asiyejua: klipu ikikazwa juu ya waya haizibi, kwa sababu mpira unasimama kwenye mabega ya waya na petroli inapita mabondeni. Tena ncha ya waya iliyokatwa hubaki wazi, na kwa hewa ya Tanga kutu huanzia hapo na kutembea ndani ya mpira. Dawa yake ni kuuchomoa waya sentimita tatu kila ncha kwa koleo, kuukata, na kufunika ncha kwa gundi inayostahimili petroli kabla ya kufunga. Kazi ya robo saa, lakini usipoifanya utakuwa unanusa petroli wiki ya kwanza.

Kama gari lako bado linapatikana mpira wa kiwandani uliofinyangwa na kona zake, agiza huo kwa shingo na ununue wa mita kwa njia ya hewa peke yake. Land Rover Series una uhakika wa kuupata, spea zake bado zinatengenezwa. Kwa nyingine, uliza Dar es Salaam au mpakani Horohoro kabla ya kukata tamaa.

Sasa mpira wa rejeta. Umetengenezwa kwa EPDM, mpira unaovumilia maji ya moto na hewa kwa miaka, lakini petroli huunywa. Huvimba, hulainika, huanza kuteleza kwenye bomba, na utando wake wa ndani humeguka na kwenda kuziba kabureta. Mpira wa silikoni wa rangi za kupendeza nao si wa petroli, labda uwe na utando maalumu ndani. Wa kawaida hupitisha mvuke, unatoa jasho la petroli. Plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, wanayoipenda watu kwa kuwa unaona mafuta, huwa ngumu kama mfupa baada ya petroli kuondoa kilichokuwa kikiilainisha, kisha hupasuka kwenye klipu.

Mwenye shaka na alichouziwa akate kipande cha sentimita tatu, akipime kwa venia, akitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli na kifuniko kwa siku mbili, nje ya nyumba, kisha akipime tena. EPDM itaonekana imevimba hata bila kipimo. NBR nzuri itakuwa imebadilika kidogo tu na bado ngumu mkononi.

Klipu zinazotolewa bure au kwa bei ya kutupa ni za bati lililopakwa rangi ya fedha, zenye meno yaliyotobolewa. Meno hayo hukata mpira, na bati huoza baada ya masika moja. Taka za chuma kisichoshika kutu zenye mkanda usiotobolewa. Jaribu kwa sumaku, bati la kawaida litashikwa kwa nguvu, chuma kizuri cha aina hiyo hakitashikwa au kitashikwa kidogo. Angalia na parafujo, maana kuna klipu zenye mkanda mzuri na parafujo la bati. Kaza hadi mpira uanze kutuna pembeni mwa mkanda, kisha acha. Kukaza zaidi hakuzibi zaidi.

Kufunga

Sugua mabomba kwa msasa namba 240 hadi kutu yote iishe, kwa kuwa shimo dogo la kutu chini ya mpira ni njia ya kuvuja. Ingiza mpira angalau sentimita tatu kila upande, na klipu ikae milimita tano ndani ya ukingo. Lainisha kwa maji ya sabuni, usipake grisi. Njia ya hewa ipande moja kwa moja kutoka tenkini hadi juu bila bonde hata moja; ishikilie kwa vibanio kila sentimita 20, mbali na bomba la moshi.

Jambo linalosahaulika ni waya wa ardhi. Shingo ya chuma ikitenganishwa na tenki kwa mpira, umeme tuli unaotokana na mtiririko wa mafuta unakosa pa kushukia. Magari mengi yalikuja na waya mfupi kutoka shingoni hadi kwenye bodi, na mafundi huukata wakati wa kupaka rangi wasiurudishe. Urudishe, ukwangue rangi chini ya skrubu, na unapojaza acha mdomo wa pampu uguse chuma cha shingo.

Baada ya kufunga, mimina lita 10 kwa dumu na usubiri nusu saa ukiwa na karatasi kavu chini ya kila kiungio. Ndipo uende sheli. Pampu ikikatika yenyewe mara ya kwanza, tenki limejaa: usiongeze kwa kubana-bana. Petroli hutoka kwenye tenki la ardhini ikiwa baridi kuliko jua la Raskazone saa nane mchana, na hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tenki la lita 45 likipata nyuzi 15 zaidi, hiyo ni zaidi ya nusu lita inayotafuta nafasi, na mpira wako mpya ndio wa kwanza kulowa.

Kama baada ya yote haya gari linapokea lita 30 na kitabu kinasema 45, acha kununua mipira. Shusha tenki na uangalie chini yake. Land Rover fupi ina tenki chini ya kiti, na jeki iliyowekwa mahali pasipo pake hubonyeza bati juu kwa sentimita kadhaa. Kisha angalia floti ya geji: ikiwa imepinda, geji itakuambia kuna robo tenki wakati bado lina nusu, na unachokiita tenki lisilojaa kitakuwa tenki ambalo halikuwa tupu. Njia ya haraka ya kujua ni kuyatoa mafuta yote kwa mpira hadi tone la mwisho, kulijaza tenki kwa dumu lenye alama za lita, na kuandika geji inasoma wapi kila lita tano. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya kisanduku cha dashibodi, itatumika tena.